Mtiki wa Juu na Paini ya Chini: Sakafu ya Matabaka na Swali la Ukweli wa Vitu

Ubao wa sakafu wa matabaka hutengenezwa kwa kugandisha miti tofauti kuwa kitu kimoja. Juu huwekwa unene mdogo wa mbao ngumu ya thamani, kama mtiki, mninga au mwaloni. Katikati hukaa kiini cha mbao nafuu. Na chini kabisa tabaka jembamba linalosawazisha mvutano wa lile la juu. Ukishalazwa sakafuni, jicho haliwezi kuutenga na ubao mzima uliopasuliwa kutoka kwenye gogo moja. Hapo huzuka swali ambalo ni la kifalsafa kabla ya kuwa la bei: mwenye nyumba hiyo ana sakafu ya mtiki, au ana sura ya mtiki tu? Na anayemuuzia kwa jina la "sakafu ya mtiki" amesema kweli?

Swali hili lina uzito wake katika kata ya Mlabani mjini Ifakara, kwa kuwa mtiki wenyewe unaota jirani. Kampuni ya Kilombero Valley Teak Company ilianzishwa mwaka 1992 kwa mtaji wa CDC, shirika la maendeleo la Uingereza, na ikapanda takriban hekta 8,000 za mitiki katika wilaya za Kilombero na Ulanga, huku eneo kubwa kuliko hilo likiachwa kuwa msitu wa asili. Mti huu si wa bonde hili kwa kuzaliwa. Asili yake ni India, Burma na nchi za jirani zao, nao uliingia Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani. Mbao nyingi za mitiki ya Tanzania huuzwa nje, na India imekuwa soko lake kubwa. Kwa hiyo si ajabu mtu wa Mlabani akapishana barabarani na lori la magogo, kisha akanunua Dar es Salaam boksi la mbao za sakafu zilizoundwa ng'ambo, zenye milimita tatu za mtiki juu na paini chini.

Sababu ya kuunda ubao wa namna hiyo haikuwa ulaghai. Mti, hata ukishakatwa na kupasuliwa, huendelea kunywa na kutoa unyevu wa hewa. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, mbao iliyokaa humo huelekea kuwa na maji ya asilimia 16 hivi ya uzito wake mkavu. Hewa ikishuka hadi asilimia 50, maji hayo hupungua hadi karibu asilimia 9. Kila yanapopungua, mbao hunywea, yanapoongezeka, hutanuka. Wala haitanuki sawasawa pande zote. Kwa urefu wake haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana hubadilika sana, na zaidi pale upana unapofuata mzingo wa pete za ukuaji kuliko unapotoka katikati ya gogo kwenda gandani. Mtiki unasifiwa duniani kwa utulivu wake, lakini hata wenyewe, ukikaushwa kutoka ubichi hadi ukavu kamili, hunywea kwa asilimia 5.8 upande wa mzingo na asilimia 2.5 upande wa pili. Katika mpito wa unyevu uliotajwa, ubao mzima wa mtiki wenye upana wa milimita 120 unaweza kubadilika kwa milimita moja na nusu. Chumba kina mbao kama hizo thelathini au zaidi. Msimu wa mvua zinasukumana hadi kuinuka. Kiangazi zinaachana na kuacha nyufa za kuficha sarafu.

Dawa ya tatizo hilo ilipatikana kwa kulaza nyuzi za mti zipishane. Gustaf Kähr wa Nybro, Sweden, alipata hataza ya ubao wa sakafu wa matabaka mwaka 1941. Nyuzi za tabaka moja zikienda kwa urefu, za tabaka linalofuata huenda kwa upana. Kwa kuwa mti haubadiliki kwa urefu, kila tabaka hulizuia jirani yake lisitanuke, na mwendo wa ubao wote hubaki sehemu ndogo tu ya ule wa ubao mzima. Ni mti unaozuiwa na mti.

Hapa yafaa kutenga vitu vitatu ambavyo madukani huchanganywa kwa jina moja la "sakafu ya mbao". Cha kwanza ni ubao mzima. Cha pili ni ubao wa matabaka, ambao juu, kati na chini ni mti. Cha tatu ni kitu chenye picha ya mti: karatasi iliyochapishwa sura ya mbao na kugandishwa juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa, bidhaa iliyoanzishwa na kampuni ya Perstorp ya Sweden mwishoni mwa miaka ya 1970, au plastiki yenye picha, au kigae cha udongo chenye mistari ya mbao. Vitu vya kundi hili la tatu vina faida zake, na kigae hasa kinavumilia maji kuliko mti wowote. Lakini mjadala wa ukweli wa mti hauvihusu kwa namna ileile, kwa sababu ndani yake unachotazama si mti. Mjadala mgumu ni wa kundi la pili.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Fizikia, anataja hoja ya Antiphon kuhusu kitanda. Mtu akizika kitanda ardhini, na kuoza kwake kukapata nguvu ya kuchipua, kitakachochipua hakitakuwa kitanda, kitakuwa mti. Antiphon aliona humo ushahidi kwamba ukweli wa kitanda ni mti wake, na kwamba umbo la kitanda ni jambo lililokuja baadaye kwa mkono wa seremala. Aristotle hakuridhika. Kwake umbo lina haki kubwa zaidi ya kuitwa asili ya kitu, kwa kuwa kitu huitwa kwa jina lake kinapokuwa kimekamilika, wala si kinapokuwa mali ghafi tu.

Hoja ya Antiphon ikiletwa kwenye sakafu ya matabaka, jibu linakuwa la kuchanganya kidogo: ubao huo ukizikwa na kuchipua, juu ungetoka mtiki na chini mpaini. Kwa kipimo cha mali ghafi, basi, si mtiki; ni sehemu moja ya mtiki na sehemu nne au tano za paini. Kwa kipimo cha Aristotle mambo hugeuka. Sakafu ni kitu cha kukanyagwa, kutazamwa, kufagiliwa na kudumu. Unyayo unagusa mtiki. Jicho linaona mtiki, na mafuta ya asili yanayoufanya ukinzane na maji ni ya mtiki. Kazi ya sakafu, kwa sehemu ile ambayo mtiki ulichaguliwa kuifanya, inafanywa na mtiki.

Kuna jambo la ufundi linaloipa nguvu hoja hii, na wanaousifu ubao mzima hulisahau. Ubao mzima wa sakafu wenye unene wa milimita 20 huwa na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ili mbao zishikane. Baada ya miaka ya kukanyagwa, fundi huupiga msasa na kuupaka vanishi upya. Kila mara hupotea nusu milimita hadi milimita moja. Lakini msasa haupaswi kufika kwenye ulimi, kwa sababu hapo mbao huachia. Juu ya ulimi pana milimita sita hivi. Zile kumi na nne za chini hazitaonwa na mtu wala kukanyagwa katika maisha yote ya sakafu. Kazi yake ni kubeba tu. Ubao wa matabaka wenye mtiki wa milimita nne hadi sita unatoa karibu huduma ileile, na kazi ya kubeba umeuachia mti mwingine. Ukweli wa ubao mzima, kwa sehemu kubwa, ni ukweli uliolala gizani.

Hata hivyo, kuwa na haki ya jina kwa upande wa kazi hakumalizi suala la udanganyifu. Kitu chaweza kuwa kizuri na bado kikauzwa kwa uongo.

Binadamu wamefunika kitu kwa kitu tangu zamani, na dini hazikuliona hilo kuwa dhambi. Katika Kitabu cha Kutoka, Sanduku la Agano lilitengenezwa kwa mti wa mshita na kufunikwa dhahabu ndani na nje. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya sita, hekalu la Sulemani lilijengwa kwa mawe, kuta zake zikafunikwa mierezi kwa ndani, sakafu ikalazwa mbao za miberoshi, na mbao hizo nazo zikafunikwa dhahabu. Hiyo ni sakafu ya matabaka ndani ya nyumba takatifu. Mji Mkongwe wa Unguja nao umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyofunikwa chokaa, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba amedanganywa na ukuta. Ifakara yenyewe, nyumba ya tofali za kuchoma ikishapigwa plasta na kupakwa rangi, mgeni hahitaji kuambiwa kilichomo ndani. Anajua.

Neno ni hilo: anajua. John Ruskin, mwandishi wa Uingereza, alilishughulikia suala hili mwaka 1849 katika kitabu chake kuhusu taa saba za usanifu majengo, kwenye sura ya ukweli. Alikuwa mkali. Alichukia mbao zilizopakwa rangi zionekane marumaru, na nguzo zisizobeba chochote. Lakini aliruhusu dhahabu ya kupaka majengoni na kuikataza kwenye vito. Sababu yake ni kwamba hakuna anayedhani paa lililong'arishwa ni dhahabu tupu, ilhali anayeona pete hudhani hivyo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji Ruskin ili kulielewa hilo. Pete ya kuchovya ikiuzwa kwa jina la kuchovya na kwa bei ya kuchovya ni biashara halali. Ikiuzwa kwa jina la dhahabu ni wizi, ingawa pete ni ileile. Vivyo hivyo kinyago cha mti mweupe kilichosuguliwa kiwi cheusi na kuuzwa kwa mtalii kuwa mpingo. Kiwi hakina kosa.

Ugumu wa sakafu ya matabaka ni kwamba iko katikati ya paa na pete. Huko Ulaya, ambako bidhaa hii ni ya kawaida, mnunuzi huitarajia. Ifakara, ambako mtu akisikia "mbao ya mtiki" hufikiria ubao wa seremala kutoka kiwandani, kuuziwa matabaka bila kuambiwa ni kuuziwa pete. Kosa halikai kwenye kitu. Linakaa katika pengo baina ya kitu na kile ambacho mnunuzi wa mahali hapo ana haki ya kudhani. Ndiyo maana bidhaa ileile yaweza kuwa ya kweli Stockholm na ya uongo Mlabani, hadi muuzaji aseme.

Mapokeo mawili ya dini yaliyo na waumini wengi bondeni yanakutana hapa kwa namna ya kushangaza. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kuhifadhiwa na Imamu Muslim, Mtume Muhammad alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba imenyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile mbichi juu ili watu waione, kisha akamtenga mwenye kughushi na jamii yake. La kuzingatiwa ni namna swali lenyewe lilivyoulizwa. Mfanyabiashara hakulaumiwa kwa kuwa na nafaka iliyolowa, maana mvua si yake. Alilaumiwa kwa mpangilio: kikavu juu, kibichi chini. Sakafu ya matabaka ni mpangilio huohuo hasa, kizuri juu na cha kawaida chini. Haiwezekani kuipindua, kwa kuwa ndivyo inavyofanya kazi. Kinachobaki ni kuuleta upande wa chini juu kwa maneno, na kwa kipande cha mfano kilichokatwa.

Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki, katika swali la 77 la sehemu ile ya Summa inayozungumzia haki, anauliza kama muuzaji analazimika kutaja kasoro ya anachouza. Jibu lake linategemea kama kasoro imejificha. Farasi mwenye jicho moja hahitaji mtangazaji, mradi bei imepunguzwa. Mnunuzi ana macho. Kasoro iliyofichika, yenye kuleta hatari au hasara, lazima isemwe. Katika swali hilohilo anagusia dhahabu ya wanaalkemia: isipokuwa na tabia za dhahabu ya kweli, kuiuza kwa jina la dhahabu ni udanganyifu; ingekuwa dhahabu ya kweli, hata kama imetengenezwa kwa ufundi, isingekuwa kosa. Kwa Thomas, basi, kutengenezwa si tatizo. Tatizo ni tabia za kitu kutolingana na jina lake.

Kipimo hicho ndicho kinachofaa zaidi kwa anayechagua sakafu, kwa sababu kinamtaka aulize tabia, na tabia za ubao wa matabaka zimejificha karibu zote. Ya kwanza ni unene wa tabaka la juu. Upo wa milimita 0.6, upo wa sita, na sura ni ile moja. Ulio chini ya milimita mbili haupigwi msasa kwa usalama, ukichakaa umekwisha. Wa milimita nne huvumilia msasa mara mbili au tatu, ukiwa na fundi mwenye mkono mwepesi. Mtu anayeuza milimita 0.6 na kunyamaza ameficha umri wa sakafu nzima.

Ya pili ni kiini, na katika bonde la Kilombero hii ndiyo inayoamua. Moyo wa mtiki mkomavu hukinzana na mchwa. Paini isiyotiwa dawa ni chakula chao. Mchwa wakipenya jamvi, yaani saruji iliyomwagwa chini ya sakafu, watakula katikati na kuuacha mtiki juu ukiwa mzima, na mwenye nyumba atajua siku mguu utakapozama. Kiini cha unga wa mbao ulioshindiliwa, ambacho mafundi hukiita MDF, kina adui mwingine: kikinywa maji huvimba na hakirudi. Plywood ya tabaka nyingi zilizopishana ndiyo imara zaidi, ikiwa mti wake umetiwa dawa.

Ya tatu ni gundi. Gundi ya urea ni rahisi na huachia polepole penye unyevu na joto; ya fenoli, ile ya plywood inayostahimili maji, hukaa. Gundi za jamii ya urea pia hutoa gesi ya formaldehaidi inayowasha macho na koo, ndiyo sababu viwanda vya Ulaya huandika daraja la E1 kwenye mbao zenye kiwango cha chini. Boksi lisilo na maandishi yoyote kuhusu gundi linastahili kutiliwa shaka.

Lakini wajibu wa ukweli haumlemei muuzaji peke yake. Mwenye nyumba naye ana kitu anachokificha, mara nyingi bila kujijua: jamvi lake. Bonde hufurika karibu kila masika, udongo wake unashika maji, na saruji iliyomwagwa bila karatasi ya nailoni chini yake huendelea kuvuta unyevu kwenda juu miaka yote. Fundi akilaza mbao juu ya jamvi hilo, sakafu itainuka, na lawama itamwangukia mti. Jaribio ni rahisi na halina gharama. Kipande cha nailoni cha mita moja kwa mita moja hubandikwa sakafuni kwa utepe pande zote na kuachwa siku mbili au tatu. Kikifunuliwa na matone yapo chini yake, au saruji imekuwa nyeusi, hapo si mahali pa mbao bado. Jamvi jipya huhitaji miezi, si wiki. Mbao nazo hukaa siku chache ndani ya chumba zitakamolazwa, zizoee hewa yake, na ukutani huachwa nafasi ya milimita kumi hivi inayofunikwa na sketingi. Dawa ya mchwa hupigwa kabla ya jamvi kumwagwa. Baadaye ni kujifariji.

Lipo swali moja la mwisho, nalo linamhusu mti kabla haujawa ubao. Mtiki wa shambani huvunwa baada ya miaka 20 hadi 30. Mninga wa miombo huhitaji muda mrefu kuliko huo, na misitu iliyokuwa nao kwa wingi imepungua. Dini zote mbili zilizotajwa hukemea ufujaji, na zote humwona binadamu kuwa mtunzaji wa ardhi aliyekabidhiwa amana. Kwa mtazamo huo, gogo moja likigawanywa katika unene wa milimita nne, badala ya ishirini, linaweza kufunika vyumba vitatu au vinne pale lilipofunika kimoja, hata likishatolewa linaloliwa na msumeno. Sehemu iliyokuwa ilale gizani imeletwa kwenye mwanga. Hiyo ni heshima kubwa zaidi kwa mti kuliko ile ambayo ubao mzima unaweza kujivunia.

Hoja hiyo hugeuka unene unaposhuka mno. Milimita 0.6 hufunika vyumba vingi zaidi, ila baada ya miaka michache vyote hung'olewa na kutupwa, vikiwa na gundi isiyooza na kiini kisichofaa hata kuni. Hapo ubahili umezaa ufujaji.

Kwa nyumba iliyo bondeni penyewe, ambako maji hufika mlangoni, kigae au saruji iliyosuguliwa vizuri ni chaguo la busara, na hakuna haja ya kuona haya. Kwa nyumba yenye msingi ulioinuliwa, jamvi kavu lenye nailoni chini na dawa ya mchwa iliyopigwa mapema, ubao wa matabaka wenye mtiki wa milimita nne au zaidi, juu ya plywood iliyotiwa dawa na gundi ya fenoli, unafaa kuliko ubao mzima, na una haki ya kuitwa sakafu ya mtiki mbele ya yeyote aliyeambiwa ulivyo. Anayenunua aombe kipande kilichokatwa ubavuni, akihesabu tabaka zake na kupima la juu kwa rula, kabla hajatoa fedha. Duka lisilokubali kukata kipande hicho liachwe.